Wimbo wa Kupiga Pasi

Niliacha gitaa la umeme mwaka huu, nikiwa na miaka arobaini na saba. Mtu wa umri huo akiacha kazi huitwa mvivu, haitwi mstaafu, lakini daktari wa masikio ndiye aliyelitumia neno hilo, kustaafu, nami nikalichukua kama alivyonipa. Hapakuwa na keki wala hotuba. Nilishusha amplifaya yangu kutoka kwenye gari la bendi, nikaipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu hapa Hyattsville, nikaifunika shuka. Bado iko pale kona. Wageni wasiojua huweka vikombe vya chai juu yake.

Ninyi mnaopiga kwenye harusi na sherehe za mahafali huku Maryland mmeniuliza mara nyingi nilijifunzia wapi na kwa nini nimeacha. Nawaandikia kwa kufuata miaka, kwa sababu kumbukumbu zangu zikiachwa zenyewe huzurura kama mwenyewe. Nani alilipwa nini na nani aliitwa kiongozi wa bendi, hayo nimeyaacha. Hayajawahi kumfundisha mtu kupiga.

Nilifika hapa na miaka ishirini na minne. Nilitoka Kigoma kwa njia ndefu: Tabora, Arusha, miaka miwili Nairobi, halafu ndege. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mikono miwili. Mchana nilipakia vifurushi kwenye ghala upande wa Lanham. Gitaa nilikuwa nimefundishwa na baba mdogo, aliyepiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, shahada inaimba kwenye zile nyembamba. Sikujua kwamba hiyo ni mbinu yenye wenyewe. Nilidhani dunia nzima inapiga hivyo.

Jumamosi moja nililala kwenye basi nikapitishwa kituo, nikashuka Bladensburg. Nikaona duka la kinyozi, nikasema kuliko kupoteza safari ninyoe nywele. Ndani nilikuta wazee saba weusi, Wamarekani, kila mmoja na gitaa bila waya, wameketi duara kuzunguka viti vya wateja. Wanapiga bluzi ya zamani, ile ya mashambani walikotoka wazazi wao, Virginia na Carolina. Mmoja alikuwa anapiga kwa vidole viwili. Gumba linatembea, shahada inaimba. Nilisimama na kitambaa cha kinyozi shingoni, kichwa kimenyolewa nusu. Ilikuwa kama kumkuta baba mdogo amehamia Marekani na hajaniambia.

“Unacheka nini wewe?” aliniuliza yule mzee.

“Sicheki, mzee. Nyumbani tunapiga hivyo hivyo.”

“Nyumbani ndiyo wapi?”

“Kigoma.”

“Kigoma.” Alilitamka polepole, kama mtu anayejaribu kofia. “Haya, Kigoma, rudi kitini umalizwe. Unafanana na mtu aliyetoroka hospitali.”

Huyo alikuwa Mzee Ruben. Alikuwa ameendesha basi la jiji maisha yake yote, mrefu, mtaratibu, mwenye ukucha wa gumba mnene kama kijiko. Hakuwahi kuniita jina langu la Gervas. Nilikuwa Kigoma tangu siku ile, na nilirudi kila Jumamosi kwa miaka minne, hata wiki ambazo sikuwa na nywele za kunyoa.

Mle ndani sheria ilikuwa moja. Ukishindwa kusikia anachosema mtu aliye kwenye kiti cha kunyolewa, unapiga kwa nguvu mno. Mteja anamsimulia kinyozi habari za goti lake, na magitaa manane yanapita chini ya hadithi ya hilo goti. Aliyekosea hakusimama kuomba radhi. Aliyetaka kujifunza kitu aliketi goti kwa goti na mwenye nacho, akaangalia mikono.

Alichokuwa nacho Mzee Ruben ni wimbo wa kupiga pasi. Mama yake alikuwa akiwapigia watu wengine mashati pasi, katika mji mdogo wa Virginia, na baba yake aliutunga wimbo kwa kumtazama akifanya kazi. Gumba ndilo pasi: linakwenda, linarudi, halinyanyuki kwenye nguo. Shahada ni vidole vya mama vikinyunyiza maji. “Usinyunyize sana,” alikuwa akiniambia. “Utaloweka shati la watu.” Wimbo una vipande vitatu. Cha kwanza nilikipata mwaka wa kwanza, cha pili nilihangaika nacho hadi wa tatu. Cha tatu alisema nisubiri. Nilipotaka kumrekodi kwa kinasa sauti alinikatalia. “Mashine itakumbuka, wewe utasahau.” Wenzake pale walikuwa na nyimbo zao. Huu hakuna mwingine aliyeuchukua.

Kusubiri ni jambo nisiloliweza. Sijawahi kukaa nyumba moja miaka mitatu. Bendi moja ya bluzi ya umeme ilipohitaji mpiga gitaa, nikajibu ndiyo kabla hawajamaliza sentensi. Nilimweleza Mzee Ruben pale pale dukani.

“Wana mpiga besi?” aliuliza.

“Wanaye.”

“Na ngoma?”

“Zipo.”

“Sasa gumba lako litafanya kazi gani?”

“Litapumzika, mzee.” Nilidhani ni mzaha mzuri.

Hakucheka. “Gumba likipumzika miaka, halirudi kazini. Linaomba kiti.”

“Na kipande cha tatu?”

“Unajua nilipo,” alisema, akaendelea kutyuni, kukaza na kulegeza nyuzi.

Siku ya kwanza jukwaani niliipenda kama mtu anavyopenda gari. Mkono unagusa kidogo tu, ukumbi mzima unatikisika. Msiamini wanaosema umeme ni kelele tupu. Umeme unamfanya mtu mwenye mkono mwepesi asikike kama jitu, na mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Hapo ndipo ubaya ulipo. Kosa lolote la mkono amplifaya inalifunika kwa ukubwa, na baada ya miaka michache hujui tena kama una mkono au una amplifaya.

Ile yangu ilikuwa ya taa za vioo ndani, zile za zamani za kukuza sauti, nzito, ya kubebwa na watu wawili, kwa hiyo tuliiita Mgonjwa. Taa zake hazilii vizuri mpaka uipandishe. Mpiga ngoma anasikia umepanda, anagonga zaidi. Mwimbaji hajisikii, anaomba aongezwe. Nawe hujisikii tena. Likifika kundi la pili la nyimbo, kila mtu jukwaani anajisikia mwenyewe, na hakuna anayemsikia mwenzake. Tulipiga hivyo Washington, Virginia na Baltimore kwa miaka kumi na tisa, nami huo muda wote niliona nina bahati.

Sasa nisikilizeni kwenye jambo hili, maana nimewaona mkilifanya. Nilikuwa na vizibo vya sponji vya masikio. Niliviweka mfukoni kila onyesho. Ila nilivaa kimoja tu, cha kushoto, kwa sababu la kulia nililihitaji kujisikilizia Mgonjwa. Upande huo huo wa kulia ndipo matoazi ya mpiga ngoma yalipokuwa, kama hatua moja kutoka kichwani kwangu. Nilijiona mwenye akili, nimegawana hasara na kazi nusu kwa nusu. Kila mpiga gitaa wa umeme niliyemfahamu alikuwa na hesabu yake ya namna hiyo.

Ilianza na mlio, kama birika lisilofikia kuchemka. Ukakaa siku moja baada ya onyesho, kisha mbili, kisha haukuzimika tena. Nikazoea. Baadaye likaja jambo ambalo sikuwa hata na neno lake: sauti moja ikawa mbili. Sikio la kushoto linasikia uzi ulivyo, la kulia linausikia umepanda kidogo. Nikitaka kutyuni sijui nimwamini nani. Sikumwambia mtu. Mpishi aliyepoteza ulimi hatangazi jikoni.

Aliyegundua ni Dido, mpiga besi wetu, Mkongo wa Lubumbashi niliyemwingiza mwenyewe kwenye bendi. Tulikuwa tunapiga Jumamosi mchana kwenye uwanja wa wazi huko Virginia, jua kali, watu wamekaa kwenye nyasi na watoto.

“Tyuni gitaa, ndugu yangu,” aliniambia kati ya nyimbo.

“Nimetyuni.”

“Non, non. Iko faux. Iko faux tangu wimbo ya kwanza. Batu banatuangalia sawa tumeiba.”

“Besi yako ndiyo mbovu.”

“Besi yangu?” Alitoa kimashine cha kutyunia, kile kinachowaka kijani uzi ukiwa sawa, akakibana kwenye besi, akapiga uzi. Taa ya kijani. Akaja akakibana kwenye shingo ya gitaa langu. Nyekundu. Uzi mwingine, nyekundu. Watu wa mbele walikuwa wanatutazama. Dido akashusha sauti, na ule utani wake wote ukamtoka. “Gervas. Weye hausikie?”

Nilimaliza onyesho nikitazama taa ya kimashine. Wiki ile nilikwenda kwa daktari. Alinichorea mstari unaoshuka kama ukingo wa meza, akasema la kulia halitarudi, na la kushoto nikiendelea hivi litalifuata. Hapo ndipo alipotumia lile neno.

Chini ya kitanda nilikuwa na gitaa kavu ambalo nyuzi zake zilikuwa na kutu. Nikaweka mpya, nikaketi, nikaanza wimbo wa kupiga pasi. Gumba halikuweza kutembea. Lilikwenda hatua nne, likasimama, likamngoja mpiga besi ambaye hakuwepo. Bila umeme, mkono wangu wa miaka kumi na tisa ulitoa sauti ya mtu anayetafuta funguo mfukoni. Cha kwanza kilirudi baada ya miezi miwili ya kufanya kila siku, cha pili kikafuata kikichechemea. Baada ya hapo palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta palikuwa na kipande cha tatu, na kipande hicho kilikuwa ndani ya mtu mmoja tu duniani.

Nilikwenda Bladensburg. Kinyozi alinikumbuka, au alikuwa na adabu ya kujifanya ananikumbuka. “Ruben yuko Lanham, nyumba ya wazee,” alisema. “Kiharusi. Mkono wa kulia umekufa. Mdomo umepona kiasi. Ungekuja mwaka jana, lakini nenda.”

Pale nyumba ya wazee aliyenipokea ni muuguzi msaidizi, mwanamke wa makamo mwenye beji iliyoandikwa Rael. Nilimsalimu kwa Kiingereza, akanitazama usoni, akajibu kwa Kiswahili.

“Wewe ni Mtanzania. Nimejua tu vile umeinamisha kichwa. Unamtafuta nani?”

Nilimwambia.

“Ah, huyo mzee wetu! Ame-refuse kula tangu jana. Ingia, kaka, pengine wewe atakuonea haya. Mimi ameshanizoea.”

Mzee Ruben alikuwa ameegemezwa kitandani karibu na dirisha. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Alinitazama.

“Kigoma,” alisema, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. “Umekuwa kiziwi?”

“Nani amekuambia?”

“Unanigeuzia sikio moja kama kuku.”

Sikumzungusha. Nilimwambia nimekuja kuchukua kipande cha tatu, kama bado yupo tayari kunipa. Alifumba macho, nikadhani amelala. “Lete gitaa,” akasema. “Na yule mwanamke mwambie alete huo uji wake.”

Nilikwenda kila Jumanne na Alhamisi baada ya zamu ya ghalani. Tulifanya kazi hivi. Gitaa tuliliweka juu ya kitanda, shingo upande wake. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulibana nyuzi. Mkono wangu wa kulia ulizipiga. Watu wawili, gitaa moja. Siku ya kwanza alivyobana na mimi nikapitisha gumba, kipande cha tatu kikatoka, kizima, mara moja tu. Ni kifupi. Mama amemaliza mashati ya watu, anapiga pasi nguo yake mwenyewe, na pasi imekwisha moto. Rael, aliyekuwa anapanga dawa, alichukua kijiko akaanza kugonga kikombe kwa mahadhi.

“Hii kitu babu yangu alikuwa anaipiga!” alisema. “Kule Kakamega, na mtu anamgongea chupa ya soda. Hii si ya Waamerika. Hii ni yetu.”

“Anasemaje?” aliuliza mzee. Nikamfasiria. “Mwambie tutakutana mahakamani,” akasema, na huo ulikuwa utani wa mwisho niliousikia kwake.

Nilimwomba nirekodi kwa simu. Alisema nirekodi nikishakijua, hataki watu wamsikie akiwa nusu. Nilimtii. Hilo nalo niliandike kati ya makosa yangu.

Wiki ya tatu alichoka kubana, ikabidi mkono wa kushoto nao uwe wangu. Sasa yeye alisikiliza, na nikikosea aligonga chuma cha pembeni mwa kitanda kwa pete yake. Kugonga mara moja, rudia. Niliziba sikio la kulia kwa kizibo, nikaegemeza kidevu kwenye mbao za gitaa, kwa sababu niligundua mfupa wa taya unasikia ukweli zaidi kidogo kuliko sikio. Vidole nilivijua kwa macho. Wiki ya tano nilikuwa nacho chote isipokuwa pahali pamoja.

Mwishoni mwa kipande kidole cha mwisho kinabana uzi wa pili, kisha kinausukuma kando ili sauti ipande. Haipandi mpaka kufikia sauti inayofuata. Inakaa katikati, pahali ambapo hakuna chuma cha shingo cha kukuonyesha, na kimashine cha kutyunia kinawaka nyekundu hata ukipatia. Ni sikio tu linalojua, na mimi sikuwa nalo. Nilisukuma, pete ikagonga. Nikapunguza, ikagonga. “Umempita,” alikuwa anasema. Au, “Hujamfikia.” Alisema kama anazungumzia mtu aliye barabarani. Jumanne nzima. Alhamisi nzima. Mara moja tu, nilipokuwa nimechoka na sifikiri, pete ilinyamaza. Nilipojaribu tena haikunyamaza. Wiki hizo zote dhambi yangu ilikuwa uzi wa pili.

“Kaka, si ufanye tu karibu-karibu?” Rael aliniambia kwenye korido. “Nani atajua?”

“Yeye.”

“Na yeye akienda?”

Nilirudi chumbani, nikausukuma uzi tena.

Jumanne ya mwisho nilifika mapema. Alikuwa ameegemezwa kama kawaida, macho wazi yakielekea dirishani, mkono wa kushoto juu ya chuma cha kitanda, pete mahali pake. Nilimsalimu, hakujibu, na hilo halikunishtua. Siku nyingine hakuwa mtu wa salamu. Nikaketi, nikaweka kizibo, nikaegemeza kidevu. Nilianza mwanzo, kipande cha kwanza, ili gumba lipate moto. Likatembea. Cha pili kikapita. Nikaingia cha tatu bila kutazama vidole, nikafika pale, nikasukuma uzi.

Pete haikugonga.

Nikarudia, nikijitahidi kusukuma kiasi kile kile. Haikugonga. Mara ya tatu. Kimya. Machozi yalinitoka, mtu mzima, nikiwa nimekumbatia gitaa. Nikamwambia, “Mzee, nimempata.” Nikaipiga tena tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, sehemu ile nikaisukuma na kuiacha ilie mpaka ikafa yenyewe. Naye hakugonga.

Rael alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Alingoja mpaka nimemaliza. Kisha akaja upande wa sikio langu la kushoto, akainama.

“Kaka yangu,” alisema, “hujaambiwa pale mapokezi? Amepigwa na kiharusi tena alfajiri, na binti yake amesema asihamishwe. Huo mkono hajausogeza tangu asubuhi. Ni mimi nimeuweka hapo.”

Alifariki Ijumaa. Kanisani binti yake aliniomba nipige, nikapiga vipande viwili vya kwanza, na watu wakashukuru.

Jumamosi mchana naketi Bladensburg, kwenye kiti ambacho si chake, maana sikukiomba. Yeyote kati yenu anayetaka wimbo wa kupiga pasi aje na gitaa lisilo na waya. Cha kwanza na cha pili nitakupa kwa uhakika. Cha tatu nitakuonyesha kidole kinakaa wapi na uzi upi. Usukumwe kiasi gani sitakwambia, kwa sababu sijui, na aliyekuwa anajua nilimpigia siku ambayo hakuweza kuniambia hapana.